Sebule Imekuwa Kiwanda: Epson L18050 Yatua Kakamega

Wachoraji wa Kakamega, habari ndiyo hii! Ile safari ya kubeba flashi hadi Nairobi kuchapishiwa picha za ukutani, kisha kurudi usiku kucha na bomba la karatasi magotini, sasa si lazima tena. Juu ya meza ya sebuleni kwangu, hapa Lurambi, imeketi printa inayotoa picha ya A3+, karibu sentimita 33 kwa 48, rangi ikijaa ukingo hadi ukingo bila kuacha pambizo nyeupe. Picha ya kwanza ilipochungulia pale mbele, niliita kila aliyekuwa nyumbani aje aone. Jina lake ni Epson L18050. Bado ni ngeni kwangu, lakini neno langu nalisema mapema: hii ndiyo mashine ya mchoraji mwenye duka dogo.

Niliipa mtihani mgumu makusudi. Nilichagua mchoro wa shorobo mkubwa wa buluu, yule ndege wa Msitu wa Kakamega ambaye ndiye mkubwa kuliko shorobo wote duniani. Ukimchora unaumbuka usipokuwa makini. Shingo yake ni buluu ya moshi, kishungi cheusi kinachong'aa kibuluu, kifua kina kijani cha manjano, tumbo ni rangi ya chestnati, mdomo wa manjano una ncha nyekundu. Na hiyo buluu haikai mahali pamoja. Inakolea, inafifia, inakolea tena. Printa ya rangi nne ikitaka buluu nyepesi huachanisha vitone tu, na ukisogea karibu unaona chengachenga. L18050 ina wino mbili za ziada: samawati hafifu na majenta hafifu. Nilichukua kioo cha kukuza, nikasogeza karatasi dirishani, nikaifuata shingo ya yule ndege kutoka juu hadi begani. Rangi inateremka bila kukatika! Unyoya kwa unyoya! Mstari wa kalamu niliouchora kwa mkono kuzunguka jicho ulikuwa palepale, mwembamba vilevile.

Sasa tuje kwenye wino, maana wino ndio uliokuwa ukiwafilisi watu. Wengi wetu tulianzia kwenye printa za katriji: unanunua mashine kwa bei nafuu, halafu katriji inakumaliza polepole. Printa za matangi zilibadilisha hesabu hiyo. Epson ilizitoa kwa mara ya kwanza Indonesia mwaka 2010, na leo ukiingia karibu saiba yoyote ya mjini utaikuta moja. L18050 ni ya ukoo huohuo, ila imeumbwa kwa ajili ya picha. Unamimina chupa ya mililita 70 katika kila tangi, na shingo ya kila chupa imechongwa iingie kwenye tangi lake pekee, kwa hivyo hata mtoto hawezi kumimina majenta kwenye manjano. Wino ukianza kupungua unauona kwa macho.

Ili ujue tumefika wapi, kumbuka mwaka 1991. Mwanamuziki Graham Nash alifungua karakana ya kuchapisha picha za sanaa kule California, Marekani, akitumia mashine ya Iris 3047 iliyogharimu dola 126,000. Ilikuwa kazi ya upainia, na mashine yenyewe sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Ndoto aliyoifuata kwa fedha zote zile, ya kuchapisha nakala nzuri za sanaa moja moja, leo inakaa mezani Kakamega karibu na chupa ya chai.

Na hapo kwenye "moja moja" ndipo penye utamu wote! Mpiga chapa wa kawaida anataka uagize mamia ndipo bei iteremke. Mchoraji mdogo atatoa wapi mtaji wa kuchapisha mia tano, halafu akae na mia nne na hamsini chini ya kitanda? Kwa mashine hii unapeleka dukani nakala tatu. Zikiisha, unachapisha nyingine tatu. Mteja akipendelea mbega kuliko shorobo, wiki hiyo unachapisha mbega. Mtaji wako unabaki kwenye ream ya karatasi na chupa za wino, haulali kwenye rundo la picha zisizotakiwa.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme karatasi nzuri ya A3 inakugharimu shilingi 150, wino 50, kadibodi ya mgongoni na bahasha ngumu 100. Hiyo ni 300. Ukiuza kwa 1,200 na mwenye duka akachukua asilimia 30, yaani 360, unabakiwa na 540 kwa kila picha. Weka bei zako halisi mahali pa hizi zangu uone; ukishajua picha ngapi zinarudisha gharama ya mashine, utaamua kwa akili timamu. Kwa kufungashia, karatasi laini na bahasha ngumu zinatosha; mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na picha iliyofungwa kwa karatasi inapendeza zaidi hata hivyo.

Cha kuchapa nacho kimejaa tele. Tuna msitu wa mvua wenye ndege zaidi ya aina 300. Tuna hondohondo, mbega, na vipepeo wa kila rangi. Tuna jiwe linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu. Tuna mafahali wa kupigana wa Khayega na Shinyalu, vumbi likitimka na umati ukipiga mbiu. Tuna isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho inayochezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Mgeni anayekuja kuona msitu anataka kurudi na kitu cha hapa, kilichochorwa na mtu wa hapa.

Lakini heshima ya kazi tuilinde. Afrika Mashariki yetu ina ukoo mkubwa wa sanaa ya chapa. Dar es Salaam, wasanii wa Nyumba ya Sanaa, akiwemo George Lilanga, walichora kwenye bamba la metali na kupiga chapa kwa mkono. Nairobi, Dennis Muraguri anachonga matatu kwenye mbao na kuzichapa kubwa kubwa. Kazi zile zina bamba au ubao uliochongwa na msanii mwenyewe. Nakala ya printa ni kitu kingine, na mnunuzi aambiwe waziwazi. Kutoka kwao tuchukue desturi njema: amua mapema utatoa nakala ngapi, andika kwa penseli chini ya picha 3/50, tia sahihi, na ukifika hamsini usimame. Na uchape kazi yako tu, au ya mtu aliyekuruhusu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamlinda mchoraji kama inavyomlinda mwanamuziki.

Matunzo yake ni mepesi ukiyajua. Kakamega hunyesha karibu mwaka mzima, na karatasi hunywa unyevu: pembe zikijikunja, kichwa cha printa kinazikwaruza. Kwa hivyo ream ikae ndani ya kifungashio chake, kabatini, na utoe karatasi za kutumia siku hiyo tu. Nunua karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya wino wa majimaji, maana karatasi ya leza huuacha wino ukielea juu. Chapa walau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki ili wino usikaukie kichwani. Punguza mwangaza wa skrini ya kompyuta kabla ya kurekebisha picha. Skrini kali hukudanganya, na karatasi inatoka nyeusinyeusi. Kama umeme wa mtaani kwenu hukatika ovyo, kifaa cha kuhifadhi umeme ni rafiki mkubwa: picha ikikatikia njiani, karatasi hiyo imekwenda.

Mipaka yake nayo uijue. Haina skana, kwa hivyo mchoro wa rangi za mafuta utaupiga picha mwenyewe. Uutoe kivulini asubuhi, mawingu yakiwa yametanda sawasawa, uusimamishe wima na kamera iutazame katikati. Wino wake ni rangi iliyoyeyushwa, si ule wa chembechembe unaostahimili jua kwa muda mrefu zaidi. Mwambie mteja aiweke picha nyuma ya kioo, mbali na jua la moja kwa moja. Karatasi ya kung'aa na ile ya nusu mng'ao huziamsha rangi zake vizuri mno; ya pamba isiyong'aa huzituliza, na wapo wanaopenda hivyo.

Uamuzi wangu? Kama unauza kazi kubwa moja moja kwa majumba ya sanaa, endelea na mabingwa wa Nairobi wenye mashine za wino wa chembechembe. Lakini kama una michoro mizuri imelala kwenye droo, na unamfahamu mwenye duka atakayekupa rafu moja karibu na mlango, kaa chini upige hesabu, kisha uichukue mashine hii bila kusita. Anza na michoro mitatu, nakala tatu kila mmoja, namba yako ya till ya kulipia ikiwa imebandikwa pembeni. Mimi shorobo wangu ameshaingia dukani, na leo jioni nachapa mafahali!