Pahali pa Kuweka Programu Huria: Tazama Kwanza Mlango wa Kutokea

Kijana wa Tanga akimaliza programu yake ya kwanza anayotaka kuwaachia watu bure, huipeleka GitHub bila kuuliza. Wenzake wako huko, na ni kweli kwamba tangu ianzishwe mwaka 2008 imekusanya wachangiaji wengi kuliko jukwaa lingine lolote. Siubezi umaarufu huo, ila ubora haupimwi kwa umaarufu. Anayenunua jahazi pale Pangani hatazami rangi ya ubavuni. Huinama ndani, akagusa mataruma na kukagua kalafati. Nami nikikagua jukwaa la msimbo, huanza na swali moja: siku nikitaka kuhama, nitaondoka na nini?

Wengi hujibu upesi kwamba Git imeshamaliza shida hiyo. Imemaliza nusu. Git, aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mwenye nakala kamili historia nzima ya mradi, kwa hiyo msimbo wenyewe haupotei kirahisi. Kinachopotea ni mazungumzo yaliyouzunguka: taarifa za hitilafu, maombi ya kuunganisha mabadiliko, ubishi wa kwa nini pendekezo fulani lilikataliwa. Hayo hayamo ndani ya Git, yamo kwenye hifadhidata ya mwenye jukwaa. Na wenye majukwaa hubadilika. Google waliifunga Google Code Januari 2016. Bitbucket iliacha kabisa kuhifadhi miradi ya Mercurial, mfumo mwenzake Git, mwaka 2020. SourceForge, iliyokuwa kimbilio la kila mtu miaka ya 2000, ilionekana mwaka 2015 ikifungasha matangazo ndani ya kisakinishi cha GIMP cha Windows, ilhali wenye GIMP walishahama.

Hata DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za vituo vya afya nchini kote, vikiwemo vya Mkinga, Muheza na Pangani, msimbo wake uliwahi kukaa kwenye jukwaa la Launchpad kabla ya kuhamia GitHub. Mradi ule una Chuo Kikuu cha Oslo nyuma yake, unaweza kuubeba mzigo wa kuhama. Mradi wa watu wawili hauwezi, labda uwe umejiandaa tangu siku ya kwanza.

Basi jaribu hivi kabla hujaamua. Fungua mradi wa majaribio, andika taarifa tatu za hitilafu, moja uitie picha, na umwombe mwenzio azijibu. Kisha zitoe zote. GitLab hukupa faili moja lenye msimbo pamoja na mijadala. Forgejo, programu huria ya kuendeshea jukwaa kama hilo, huweza kuuvuta mradi kutoka GitHub na taarifa zake, lebo zake na maombi yake. Ukishauhamisha, usome polepole. Je, kila jibu bado lina jina la aliyeliandika? Tarehe ni zile za zamani, au zote zimekuwa za leo? Picha imekuja, au bado inavutwa kutoka seva uliyoihama? Dakika hizo chache zitakuonyesha mengi kuliko orodha yoyote ya sifa iliyo kwenye ukurasa wa mbele wa jukwaa.

Baada ya hapo pima bando. Amri ya git clone ikikatika kwenye asilimia 90 haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Kwa aliyeketi Barabara ya 12, Ngamiani, akitumia mtandao wa simu, hiyo ni hasara ya fedha, kwa hiyo maelezo ya mradi wako yamwelekeze mgeni aongeze --depth 1 ili avute hali ya sasa tu. Kurasa nazo zifunguliwe kwa simu ya bei ya chini: za Forgejo ni nyepesi, za GitLab ni nzito. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na mtandao nchini ukadorora, mwenye nakala kamili kwenye kompyuta yake aliweza kuendelea na kazi. Aliyezoea kuhariri kila kitu ndani ya kivinjari hakuwa na la kufanya.

Uliza pia mwenye nyumba ni nani. Microsoft iliinunua GitHub mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na sheria za Marekani ziko pale pale: Julai 2019 waandishi wa programu walioko Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa baadhi ya huduma kwa sababu ya vikwazo. Codeberg, iliyoanza mwaka 2019, inamilikiwa na chama cha wanachama kilichoko Berlin, nami naipenda kwa hilo, ingawa watu wake ni wachache na uwezo wake una mipaka. Kuendesha seva yako mwenyewe kunawezekana, kwani Forgejo hukaa vizuri hata kwenye Raspberry Pi, wakati GitLab hudai gigabaiti kadhaa za kumbukumbu. Usijaribu peke yako. Kama hakuna wawili walioahidi kuisasisha na kuisimamia umeme ukikatika, achana nayo.

Kwa mradi mdogo wa pwani yetu ningeweka makao makuu Codeberg, na nakala inayojisasisha yenyewe GitHub ili wageni wauone. Akaunti iwe ya kikundi, yenye wasimamizi wawili au zaidi. Tangu mwaka 2023 GitHub imekuwa ikiwadai wachangiaji uthibitisho wa hatua mbili, na hapa ndipo miradi mingi inapoweza kukwama: namba ya siri hutumwa kwenye laini ya mtu mmoja, laini ikikaa bila kutumika hufungwa, na namba yenyewe hupewa mtu mwingine. Tumia programu ya simu inayotoa namba hizo bila mtandao, na zile namba za akiba zichapwe karatasini, kila msimamizi awe na zake.