Goti Husomwa kwa Mikono

Hivi karibuni nimesikia kazi mbovu ikimiminiwa sifa. Kijana wa maduara ya dhahabu ya Nyarugusu, Geita, alianguka na bodaboda, goti likajaa hata kabla hajashushwa kwenye machela. Akapigwa picha, mfupa ukaonekana mzima, akafungwa bandeji, akachomwa diklofenaki, akaambiwa ni mshtuko tu. Ndugu zake wanasifu huduma ya haraka. Hakuna mkono uliolishika lile goti.

Eksirei haionyeshi ligamenti. Kanuni za Ottawa za mwaka 1995, za kuamua goti lipi lipigwe picha, zinatafuta mvunjiko, basi. Goti lililovimba ndani ya saa moja au mbili lina damu, na picha ikitoka safi ndipo wasiwasi uanze. Lililovimba kesho yake lina maji, na hapo meniskasi hushukiwa zaidi. Asiyeuliza saa ya uvimbe simhesabu kuwa mchunguzi. Suruali ivuliwe, isikunjwe. Goti zima, lile lisiloumia, lishikwe kwanza. Kichwa cha mgonjwa kilale kwenye mto, maana akikiinua kuchungulia, mwili wote unakaza. Hayo hayana mjadala.

Wanagenzi wote wanapotelea kwenye kituo, yaani pale muundi unapokoma ukivutwa. Katika kipimo cha Lachman, cha kupima ligamenti ya mbele, goti likiwa limekunjwa nyuzi 20 hadi 30, macho yao yanahesabu muundi umekuja mbele milimita ngapi. Bingwa anasikiliza unavyosimama. Ligamenti nzima inaukomesha muundi kwa ghafla, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake. Iliyokatika haikomeshi: muundi unakuja, unaendelea kuja, kisha unazama kwenye ulaini, na kidole hakiwezi kusema uliishia wapi. Milimita zinadanganya, kwa sababu wapo watu wenye maungo malegevu tangu kuzaliwa. Ndiyo maana unaanza na goti zima. Tena pitisha kiganja nyuma ya paja kabla ya kuvuta. Misuli ya pale ikiwa imekaza, muundi hausogei hata kama ligamenti ya mbele imekwisha kabisa. Kipimo cha droo, cha kuuvuta muundi goti likiwa limekunjwa nyuzi 90, siku ya kwanza huponzwa na misuli hiyohiyo, na Torg na wenzake walipoandika kuhusu kipimo cha John Lachman wa Temple, Philadelphia, mwaka 1976, ndilo pengo walilokuwa wakiliziba.

Nilimjua tabibu mmoja mzee Kahama, mwenye viganja vidogo. Paja la mchimbaji halikumwenea mkononi. Aliweka goti lake mwenyewe chini ya paja la mgonjwa, akalikandamiza hapo, akamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akauliza habari za mvua na pamba mpaka nyama zikalegea. Kisha akavuta mara moja, macho yamefumbwa. Miaka ile filamu za eksirei zilikuwa zikiisha, na mikono ilijua kazi.

Kuna na wanaolialisha goti pembeni mwa uwanja wa mchangani wakitangaza limerudi. Hao mashabiki huwabeba. Wengine wana vyeti: wanauvuta muundi uliokwisha kuanguka nyuma kwa kukatika ligamenti ya nyuma, ukirejea mahali pake wanaandika ya mbele imekatika. Kunja magoti yote mawili, yatazame kwa ubavu kabla hujagusa kitu.

Goti linaloyumba pande zaidi ya moja lichukuliwe kuwa liliteguka likajirudi lenyewe, na mshipa mkubwa wa damu nyuma yake huenda umechanika. Shika mapigo juu ya unyayo, miguu yote miwili. Yakiwepo, bado pima presha ya kifundo na ya mkono. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoka chini ya 0.9, piga simu hospitali ya Bugando, Mwanza, na gari liondoke. Kutoka Geita hakuna tena kungoja kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025. Mguu usiopata damu una saa sita hivi, na zinahesabiwa tangu ajali, si tangu kufika mapokezi. Kwa hiyo saa ya kuumia iandikwe juu kabisa ya karatasi ya rufaa, kwa tarakimu kubwa.