Sifa ya Mwendo Katika Ukingo wa Bogoro

Miongoni mwa sanaa ambazo hazina karakana wala cheti, na kwa ajili hiyo hudhaniwa na wengi kuwa si sanaa, imo moja niliyoitazama asubuhi moja huko Bogoro, pale ambapo nchi ya Ituri, mashariki mwa Kongo, hukatika na kuporomoka kuelekea Ziwa Albert: nayo ni sanaa ya kupanda mlima kwa miguu, watu wawili na mbwa wao. Waliokuwa wakipanda ni mfugaji mmoja mzee na mkewe, watokao upande wa Kasenyi ulioko ziwani, mke na kitunga cha samaki wa chumvi kichwani, mume na gunia begani; na mbele yao mbwa mwekundu, masikio wima, shingoni amefungwa njuga ya mti.

Tangu majini, ambako ni kiasi cha mita 619 juu ya bahari, mpaka mji wa Bunia, mtu hupanda zaidi ya mita 600, na sehemu kubwa ya kupanda huko ni katika ukingo huo. Mke ndiye aliyetangulia, kwa kuwa pumzi yake ilikuwa fupi zaidi, na pumzi fupi ndiyo inayostahiki kuwa mizani ya safari. Mume, ambaye bila shaka angaliweza kumpita, aliuzuia mguu wake ukafuata nyayo za mkewe. Hawakungoja kuchoka ndipo wapumzike. Walisimama wangali na nguvu, kitambo kidogo, kisha wakaendelea huku wakizungumza, maana mpandaji asiyeweza kuzungumza amekwisha kupita kadiri yake. Sikuona kati yao amri wala karipio. Kila mmoja alikwisha kumjua mwenziwe magotini na mapafuni.

Na yule mbwa! Ni wa jinsi ya mbwa wa Wambuti wa msitu wa Ituri, mbwa ambao ni nadra kubweka, wale ambao mwaka 1937 walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts na watu wakawastaajabia. Kwa kuwa mbwa huyu habweki kumwita bwana wake, mwindaji humchongea njuga ya mti, na njuga hiyo ndiyo inayomsemea. Ukungu ulipopanda kutoka ziwani na kuwafunika wote watatu, nilibaki na mlio ule peke yake: mwepesi penye njia wazi, mzito penye kichaka, ukirudi nyuma kila mara kuhakikisha kwamba wawili wale wapo, kisha ukitangulia tena. Ghafula ulinyamaza. Wazee nao wakanyamaza, na hatua zao zikakoma, mpaka mlio uliporejea. Walipofika juu nikamwamkia mzee, nikamwuliza kulikuwa na nini pale chini. "Sijui, mwanangu," akanijibu, "lakini yeye alijua, na hiyo inatosha." Kisha akachuma majani mabichi akaijaza njuga, mbwa apumzike na masikio ya watu yapumzike.

Njia za ukingo huu zina fakhari ya zamani. Msafiri Samuel Baker aliiona milima hii kutoka ng'ambo ya ziwa tarehe 14 Machi 1864, ikiwa ya buluu kwa umbali, na mpaka leo huitwa Milima ya Buluu. Tarehe 13 Desemba 1887 walisimama juu yake Wapwani waliochukuliwa Unguja na msafiri Henry Stanley, baada ya kuvuka msitu ambamo wenzao wengi walikufa kwa njaa. Vitabu vimehifadhi jina la Stanley, na hata la Randy, mbwa wake mdogo wa safari ile. Miguu ya Wapwani iliyobeba kila kitu haikupata taadhima hiyo, nami naona ni dhuluma.

Ikaja siku ya 24 Februari 2003. Bogoro ilishambuliwa alfajiri, na habari zake zimeandikwa katika hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya tarehe 7 Machi 2014, iliyomtia hatiani Germain Katanga, aliyekuwa kiongozi wa wanamgambo. Walionusurika walikimbilia vichakani na katika mlima Waka. Tangu hapo, mlima uliokuwa njia ya soko na ya malisho ukawa pahali pa kujificha, na watoto waliojifunza kuukimbilia kwa khofu hawakupata nafasi ya kujifunza kuupanda kwa subira. Pikipiki zilizokuja baadaye zimemaliza kilichosalia. Kijana huteremshwa Kasenyi na kupandishwa tena ilhali macho yake yamo katika simu, wala hajui upepo wa ziwa hugeuka saa ngapi. Naye anayekwenda kwa miguu humwacha mwenziwe nyuma akihema, akadhani kwamba kufika wa kwanza ndiko kupanda.

Wazee waijuao sanaa hii wangalipo, lakini ni wachache, na hakuna aliyewaandika. Basi ninyi wakazi wa Bunia, siku ambayo amani itaruhusu, shukeni katika pikipiki zenu pale Bogoro, mwamkieni mzee mmoja, mkamwombe awachukue ninyi pamoja na watoto wenu, na mumkubali mbwa wake atangulie.