Familia ya nane

Kitabu cha hesabu kinamwambia mwanafunzi wa Kabondo, Kisangani, arushe sarafu mara mbili. Sarafu ipi? Pesa ya Kongo ni noti, na kijana wa miaka 17 katika komine hii huenda hajawahi kulipia hata mkate kwa sarafu. Mpwa wangu, anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, akaokota kizibo cha chupa. Nikamkatalia. Kizibo ni bapa upande mmoja na kina meno upande wa pili. Hakuna aliyetuahidi kwamba kitalala nusu kwa nusu.

“Basi turushe nini, mjomba?”

Tukatoa noti. Kila noti ina namba yake, na tarakimu ya mwisho ni shufwa au witiri. Nusu kwa nusu, bila kurusha chochote. Sharti ni moja: ziwe noti chakavu za sokoni. Bunda jipya la benki limepangwa kwa kufuatana, hivyo shufwa ikitoka, inayofuata ni witiri, na matukio hayako huru tena. Kuzidisha uwezekano wa tukio moja kwa uwezekano wa jingine kunaruhusiwa pale tu ambapo la kwanza halilinong’onezi la pili.

Swali hatukulitoa kitabuni. Tulilitoa mtaani: selimundu, ugonjwa ambao Kisangani wengi huujua kwa jina la Kifaransa, drepanositozi, au kwa herufi mbili tu, SS. Shirika la Afya Duniani limeripoti kwamba katika Afrika ya ikweta wanaobeba jeni yake ni kati ya asilimia 10 na 40 ya watu. Mbebaji, yaani AS (S moja ya ugonjwa na A moja nzima), kwa kawaida ni mzima. Tena Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba jeni hiyo moja humkinga na malaria. Taabu huanza AS anapozaa na AS mwenzake. Kila mzazi hutoa herufi moja, A au S, na mtoto anayepokea S mbili ndiye anayeugua.

Uwezekano wake ni upi? Mpwa wangu akaandika matokeo: AA, AS, SS. Matatu, basi theluthi moja.

Kosa hilo ni la heshima. Mwaka 1754 d’Alembert, mmoja wa vigogo wa hesabu wa Ufaransa, aliandika katika Encyclopédie kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Naye aliorodhesha matokeo matatu akayapa uzito sawa. Jibu ni 3/4. Dawa ni kutowachanganya baba na mama. A ya baba na A ya mama. A ya baba na S ya mama. S ya baba na A ya mama. S na S. Sasa ni manne. AS imeingia kwa milango miwili, SS kwa mmoja. Robo.

Familia ikiwa na watoto watatu, je, uwezekano wa kupata angalau mmoja mwenye SS ni upi? Wengi hujumlisha: robo, na robo, na robo. Waongezee mtoto wa nne, jumla inakuwa 1, yaani lazima augue mmoja. Waongezee wa tano, uwezekano umepita uhakika! Njia iliyonyooka huanzia upande wa pili: wote watatu wasalimike, 3/4 mara 3/4 mara 3/4, ni 27/64. Kinachobaki ni 37/64, karibu asilimia 58.

Hesabu imekwisha hapo, lakini mtu anaweza kuikubali na bado asiione. Ndipo tukaiigiza. Mwanahisabati Stanisław Ulam naye alianzia hapo mwaka 1946: akiwa anauguza maradhi, akicheza karata peke yake, akachoka kutafuta kanuni na kujiuliza kwa nini asicheze mara mia ahesabu anashinda ngapi. Wazo hilo lilikuzwa katika maabara ya Los Alamos, Marekani, na kuitwa Monte Carlo. 

Noti zetu ziliisha upesi, maana ilikuwa mwisho wa mwezi. Tukahamia kwenye tarakimu za π baada ya nukta, ambazo yeyote anaweza kuzikagua. Hazibahatishwi, ni zilezile milele, ila katika 100 za kwanza witiri ni 49 na shufwa 51, na kwa zoezi letu hilo linatosha. Tukazikata mbilimbili: ya kwanza baba, ya pili mama, shufwa ni A, witiri ni S. Mtoto wa kwanza ni 14, yaani S na A, mbebaji. Wa pili ni 15: S na S. Tarakimu 96 zikatupa watoto 48, familia 16 za watoto watatu watatu.

AA walikuwa 14, AS 21, SS 13. Kanuni ilitazamia 12, 24 na 12. Familia zenye angalau mgonjwa mmoja zilikuwa 10. Kanuni ilisema 9 na robo.

Lakini mpwa wangu alikuwa ameganda kwenye familia ya nane: 39, 93, 75. Watoto watatu, wote SS. Mtaani familia kama hiyo haiiti mwalimu wa hesabu. Watu hutafuta mchawi, na mara nyingi jina linalotajwa ni la bibi mzee au la mama mwenyewe. Uwezekano wa familia moja kupatwa hivyo ni 1/64, mdogo kweli. Uwezekano wa kuiona walau moja kati ya familia 16 ni karibu asilimia 22, na Kabondo haina familia 16 tu. Upande wa pili, kuanzia mtoto wa 32 hadi wa 39, wanane mfululizo hakuna aliyeugua. “Robo” si zamu. Aliyezaa mgonjwa hajalipia watatu wanaofuata.

Niseme na udhaifu wa zoezi. Watoto 48 hawatoshi kumshinda mtu anayeshikilia theluthi. Kwake zingetazamiwa 16, 16 na 16, na 14, 21, 13 haziko mbali kiasi cha kumwaibisha. Bahati huikaribia kanuni kwa marudio mengi: mwanahisabati John Kerrich, akiwa amezuiliwa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067. Kwetu sisi wenye 48 tu, kinachomshinda mtu wa theluthi ni orodha ya matokeo manne. Uigaji humwonyesha tu sura ya bahati: jinsi inavyorundikana mahali pamoja na kuacha pengo kwingine.

Mwalimu atakayerudia aendelee kutoka tarakimu ya 101: 82, 14, 80. Familia hiyo haina mgonjwa.