Mfuko Hukatikia Mshikioni

Mfuko ulinikatikia nikishuka daladala. Ndani mlikuwa na viazi kilo tatu, sukari kilo mbili na chupa ya mafuta ya lita moja. Mshikio mmoja uling'oka, wa pili ukafuata, viazi vikatawanyika barabarani huku kondakta na abiria wawili wakinisaidia kuokota. Mfuko wenyewe ulikuwa mpya, nimeununua saa ileile sokoni. Nilipofika nyumbani niliuweka mezani, nikauchana kwa wembe nione kilichotokea.

Kitambaa kilikuwa kizima, hakikuwa na hata tundu. Mshikio ulikuwa utepe wa kitambaa hichohicho, umegandishwa kwa joto mdomoni mwa mfuko kwenye eneo lisilozidi sentimita tatu, bila uzi wowote. Pale ulipobanduka palibaki vidoa vidogo, kama alama za sindano. Vidoa hivyo ndivyo vilivyokuwa vimeshika mzigo wote.

Mfuko wa aina hii una mishikio miwili na kila mshikio una miguu miwili, kwa hiyo viungo vinne. Kilo sita zikigawanyika sawasawa, kila kiungo kinabeba kilo moja na nusu, na hilo kinaliweza. Lakini mtu anayeshuka daladala hatembei kama mizani. Mfuko unashuka naye, kisha unasimama ghafla, na katika mshtuko huo kiungo huvutwa kwa nguvu inayozidi sana uzito wa mzigo. Isitoshe, mfuko ukijaa hutanuka, mshikio ukavutwa kwa pembe. Kiungo cha kugandishwa kikivutwa sambamba na kitambaa hushika vizuri. Kikivutwa kuanzia ukingoni, kama mtu anayebandua plasta kwenye ngozi, huachia kidoa kimoja kimoja mpaka kiishe.

Hapo nikalikumbuka rambo. Ule mfuko mwembamba wa plastiki ulibeba mizigo ya ajabu kwa unene wake, na siri yake ilikuwa kwenye ukataji. Aliyeubuni ni mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, akifanya kazi na kampuni ya Celloplast, na hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1965. Plastiki hutoka mashineni ikiwa bomba refu, bomba likalazwa bapa na kukunjwa pembeni, likazibwa kwa joto juu na chini. Kisha kipande cha katikati hukatwa upande wa juu. Zile pande mbili zinazobaki zimesimama ndizo mishikio. Hakuna kiungo pale mshikio unapokutana na mfuko, kwa sababu mshikio ni mwili wenyewe wa mfuko uliopanda juu. Ndiyo maana rambo lilivutika na kukukata vidole, lakini mshikio wake haukung'oka kirahisi.

Kwa ufundi lilikuwa hodari, na ubaya wake ulianza mzigo ukishafika nyumbani. Lilikwenda kuziba mitaro na kuingia matumboni mwa ng'ombe na mbuzi. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 28, 2017, na Tanzania Bara Juni 1, 2019. Naziunga mkono marufuku hizo kwa moyo wote. Ninachosikitikia ni kwamba tulipoliondoa rambo tuliuacha na ujuzi uliokuwamo. Huu tunaouita mfuko wa kitambaa haujafumwa. Ni nyuzi za polipropilini, ambayo nayo ni plastiki, zilizobanwa pamoja kwa joto. Tukizungumzia ubora wake tunataja gramu 70 kwa mita ya mraba, yaani uzito wa kitambaa. Wangu ulikatikia kwenye kiungo.

Jibu nililipata Bagamoyo, kwa mama mmoja anayeuza vikapu vya ukili. Niliposhika mshikio wa kikapu nikaanza kuuvuta kuupima, alikichukua akakigeuza juu chini. "Angalia huku, mwanangu," akaniambia. Mshikio haukuishia mdomoni. Uliteremka ubavuni, ukapita chini ya kitako, ukapanda ubavu wa pili na kutokea tena mdomoni, umeshonwa njia nzima. Mzigo wa kikapu kile unakalia mshikio, kama mtoto anavyokaa kwenye mbeleko. Hata nyuzi zote za mdomoni zikikatika, kitako bado kimepakatwa.

Na kikapu chenyewe kimejengwa kwa hekima ileile. Chane za ukindu husukwa zikawa ukili, utepe wa upana wa vidole viwili au vitatu. Utepe huo hushonwa ukingo kwa ukingo, kuanzia kitakoni, ukizunguka kupanda juu. Mshono unakizunguka kikapu kizima mara nyingi, na kila mzunguko una mishono mingi inayogawana uzito. Mmoja ukikatika, jirani zake wanaupokea mzigo wake.

Lakini safari ya mzigo haiishii mshikioni, inaendelea mpaka mwilini. Kilo sita zikining'inia kwenye utepe wa sentimita moja hukandamiza vidole mara nne zaidi ya utepe wa sentimita nne. Mfuko mmoja ukibebwa upande mmoja, uti wa mgongo hupinda kuufidia. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kenya, Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulieleza sababu: mwili hupanda na kushuka kwa kila hatua kama timazi inayobembea, na wanawake hao, wakiwa na mzigo, walipoteza nguvu kidogo katika mbembeo huo. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa wote, na kubeba kichwani kuliwaumiza shingo. Kwa hiyo sisemi turudi kwenye kata ya kichwani kwa kila mzigo. Mzigo wa sokoni ugawe mikono miwili, kizito kikae chini, na mfuko uwe karibu na mwili.

Ombi langu ni kwa mafundi wa cherehani wanaoshona mifuko ya turubai na ya viroba. Uteremsheni mshikio mpaka chini ya kitako. Kwa mfuko wa kina cha sentimita 40, ni nyongeza ya takribani mita moja ya utepe kwa kila mshikio. Nawe unayenunua, iache kwanza ile picha iliyochapwa mbele. Ugeuze mfuko juu chini, uone mshikio unaishia wapi.