Mikono Chini ya Shuka

Kapu la mama lilitundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha uani, na sisi watoto tulijua kwamba hilo halichezewi. Ndani mlikuwa na mkasi uliofungwa kitambaa, bunda la pamba, karafuu maiti kwenye kichupa chenye kifuniko cha bati, ubani, vipande vya udi, chetezo kidogo cha udongo, mche wa sabuni, chupa ya marashi ya waridi, kitana chenye meno mapana na kanga kuukuu zilizofuliwa mpaka maandishi yake yakafifia. Akilichukua usiku, tulijua mtaani kuna msiba. Hatukuuliza wa nani. Kukipambazuka tungesikia.

Mama alikuwa mwosha maiti wa Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa ile ambayo barabara zake zina namba badala ya majina. Aliwaosha wanawake, maana kwetu Waislamu mwanamke huoshwa na wanawake wenzake (mumewe naye anaruhusiwa, ila wanaothubutu ni wachache). Kwa mengine alikuwa mama kama mama wengine. Alfajiri alichoma vitumbua vya kuuza, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyotununulia madaftari na sare. Kwenye arusi yumo, kwenye arobaini ya mtoto yumo, na jirani akiugua uji wa kwanza hutoka jikoni kwake. Hayo wengi wanayafanya, na sifa zao wanazipata. Kuosha maiti hakuna sifa yake. Anayefanyiwa hawezi kushukuru, na aliyeshuhudia haruhusiwi kusimulia. Mimi nilikuwa mtia maji wake. Ya maiti sitayasema, ila mikono ya mama nina ruhusa kuisema, nadhani.

Kazi ilianza kabla ya maji. Macho yafumbwe, kidevu kifungwe kwa kitambaa kinachozunguka hadi utosini, viungo vikunjwe na kukunjuliwa mwili ungali na joto ili visikaze. Akiitwa mapema, hayo aliyafanya mwenyewe. Akiitwa amechelewa, alikuta mkono umekwisha kuwa mgumu, na hapo ndipo ungemjua. Hakupambana na kiungo. Alikipakata kiwiko kwenye kiganja kimoja, akakisugua kwa kingine, taratibu, huku akisema, "Haya dada, legeza kidogo tukuvishe." Akangoja, akasugua tena. Sikumbuki kiungo kilichomshinda.

Alizungumza na maiti wote. Mtu mzima kuliko yeye alimwita bibi au shangazi, binti mdogo alimwita mwanangu. Kabla ya kumgeuza alimwambia kwamba sasa anamgeuza, na maji yakiwa ya baridi alimwomba radhi. Nilipokua ndipo nilipoona kwamba maneno yale yalitulenga na sisi tulioshika. Huwezi kumvuta kwa nguvu mtu ambaye sasa hivi ameombwa samahani mbele yako.

Sasa sitara, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ufundi wenyewe. Sheria inataka mwili usitiriwe baina ya kitovu na magoti. Mama alifunika kutoka kifuani hadi kwenye miundi. Shida ya shuka ni kwamba likilowa hunata mwilini na kuonyesha kila umbo, likawa halisitiri kitu. Kwa hiyo aliwaweka wanawake wawili, mmoja kichwani na mmoja miguuni, wakalishika kwa pembe na kulinyanyua kadiri ya shibiri moja, na yeye akapitisha mikono chini yake. Mkono wa kushoto ulizungushiwa kitambaa, ili sehemu za siri zisiguswe na ngozi ya mtu. Macho yake muda huo yalitazama ukutani. Aliosha kwa kupapasa, kama asomaye maandishi ya vipofu, na vidole vyake vilijua vimefika wapi na wapi bado. Ukifika wakati wa kubadili shuka, kavu lilitandikwa kwanza juu ya lililolowa, kisha lililolowa likavutwa kutoka chini, upande wa miguu. Hapakuwa hata na nukta moja ambapo marehemu alikuwa wazi.

Maji yalikuwa kazi yangu. Aliyapima kwanza kwenye kifundo cha mkono wake. Hakutaka yamiminwe kwa kishindo, wala yatoke juu. Kata ilitakiwa ishuke karibu na mwili, maji yateleze. Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kwa witiri: mara tatu, na kama haja ipo tano au saba. Majani ya mkunazi tuliyatwanga kwenye kinu siku ileile, tukayavuruga majini hadi yatoe povu. Kichwani alipaka povu lenyewe tu, kwa sababu majani yakiingia kwenye nywele hayatoki. Maji ya mwisho yalitiwa karafuu maiti. Halafu nywele. Alizichana kwa kitana kile, kuanzia nchani kwenda juu, na zilizong'oka hazikutupwa, ziliwekwa pembeni zikaingie kwenye sanda pamoja na mwenyewe. Akasuka mikia mitatu, akailaza nyuma.

Mengi ya haya yalifika kwetu kupitia kwa mwanamke. Binti ya Mtume, Zainab, alipofariki mwaka wa 8 Hijria, Umm Atiyya wa Madina alikuwa miongoni mwa waliomwosha, na maagizo ya witiri, mkunazi na kafuri, ambayo ndiyo karafuu maiti yetu, yamepokewa kutoka kwake. Baadaye wanazuoni wa Basra walijifunza kwake namna ya kuosha maiti. Mama hakuwa na vitabu, ila jina hilo alilijua, na alilitaja kama unavyomtaja fundi aliyekufundisha.

Sanda aliikatia sebuleni, mlango umefungwa, bafta imetandazwa juu ya mkeka. Futi ya fundi cherehani hakuitumia. Alimpima marehemu kwa uzi, utosini hadi kisiginoni, akaongeza pande zote mbili pa kufungia. Mkasi uligusa ukingo tu. Baada ya hapo alishika huku na huku, akapasua. Bafta ya pamba tupu hupasuka ikifuata uzi wake mwanzo hadi mwisho, imenyooka kuliko mkasi wowote. Iliyochanganywa nailoni hukataa, ikavutika na kwenda upande, na mama aliitambua kwa mlio kabla ya kuiona. "Huyu ametuuzia pazia," alisema siku moja, akaendelea kupasua.

Sanda ya mwanamke ni vipande vitano: shuka la kiunoni, kanzu, ushungi, na mashuka mawili makubwa ya kuzungushia. Kanzu haishonwi, kitambaa hukunjwa mara mbili na kupasuliwa tundu la kichwa katikati. Vinapopangwa mkekani lazima vipangwe kinyume, kitakachokuwa juu kabisa kitangulie chini, na chini ya vyote zitangulie kamba, zilizopasuliwa kwenye pindo la bafta ileile. Wanafunzi wake wengi walikwama hapa. Mama alifunga macho kidogo, akamvisha mtu kichwani mwake, akamvua, kisha akapanga. Kila tabaka lilifukizwa udi na kunyunyiziwa karafuu maiti iliyosagwa. Pamba yenye karafuu maiti iliwekwa kwenye paji la uso, puani, viganjani, magotini na kwenye vidole vya miguu, yaani penye kusujudu. Marehemu alinyanyuliwa na kulazwa mara moja tu. Pindo la kushoto likakunjwa kwanza, la kulia likalala juu yake.

Mafundo aliyafunga upande wa kushoto, ya kuvuta ncha yakaachia. Niliyaona kwa muda mrefu bila kujiuliza, mpaka mjomba wangu alipotoka kuzika akasema kwamba maiti aliyefungwa na mama hutambulika hata gizani. Kaburini mtu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na kamba hufunguliwa. Fundo likiwa kulia au katikati, aliyeingia mwanandani hulazimika kupapasa na kumtikisa maiti. La mama lilikuwa juu, penye mkono, na lilikubali kwa mvuto mmoja. Wanawake wetu hawaendi kuzika. Alikuwa akimrahisishia kazi mwanamume asiyemwona, mahali asipofika, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba imesaidia. Mjomba aliniambia mimi. Nilipomfikishia, alisema, "Basi lifungueni vizuri," akarudi kwenye unga wake wa vitumbua.

Malipo hayakuwapo. Mabaki ya bafta na sabuni aliviacha kwa wafiwa. Kama wazee wengi wa pwani, alikuwa na sanda yake mwenyewe sandukuni, imekunjwa na ubani katikati, na kila mara ikitokea nyumba isiyo na kitu alikwenda nayo. Kisha akaanza tena kudunduliza hela za vitumbua.

Lililomuudhi ni moja, swali la matangani. Atokapo tu chumbani, kuna mwanamke atamsogelea na kunong'ona: alikuwaje, uso wake ulikuwaje? Wanataka kusikia kwamba uling'aa, au, Mungu atusamehe, kwamba haukung'aa. Mama alijibu, "Ameoga." Wakishikilia, aliwaambia ameoga vizuri. Alimwosha jirani ambaye kwa miaka hawakusalimiana kwa sababu ya ukuta wa uani, na kuhusu yeye pia jibu lilikuwa hilohilo. Akitaniwa kwamba mwosha huoshwa, alisema ndiyo sababu anafundisha.

Na alifundisha kwelikweli. Siku hizi kuna semina misikitini, mtu analala juu ya meza na wenziwe wanamzungushia shuka, na si jambo baya. Hatua wanazijua kwa mpangilio kuliko nilivyozijua mimi kwa umri wao. Ila huyo anayejitolea kulala mezani ana mikono inayonyanyuka yenyewe. Mama alimwanzisha kila mwanafunzi kwenye kata ya maji, akamwacha hapo hadi amechoka kuwa na haraka. Mipira ya mikononi ilipoletwa, alibisha kwanza kwamba atashindwa kuhisi. Kisha akaivaa chini ya kitambaa, akazoea, akawagombeza wasioivaa.

Alipofariki sandukuni hamkuwa na sanda. Wanafunzi wake wawili walikwenda dukani, wakarudi na bafta ya pamba tupu. Walikuwa wameijaribu kwa kuipasua palepale mbele ya mwenye duka. Mimi nilitia maji. Kuna mmoja wao aliyemwambia, "Mama, sasa tunakugeuza," na baada ya hapo sikuhitaji kutazama kama wanafanya sawa.

Kapu analo huyo mmoja. Mkasi umebadilishwa, maana ule wa zamani uliliwa na kutu. Mkunazi tuliokuwa tukichuma majani ulikatwa nyumba ya jirani ilipopanuliwa, kwa hiyo sasa tunanunua majani yaliyosagwa kwenye pakiti, yanapatikana madukani bila shida. Yanafaa, ila povu lake ni hafifu, na nimewaambia wayaloweke mapema zaidi.