Morris ya Mwalimu na Geji Iliyodanganywa

Mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni, Tanga, ana Morris Minor 1000 yenye injini ya cc 1098, na kwa miaka alikuwa akijisifia vali moja tu: namba 5. Kila fundi aliyefungua kifuniko na kupima alikuta geji ya inchi 0.012, yaani milimita 0.30, inapita kwa mkwaruzo uleule. Vali nyingine zilihitaji kurekebishwa mara kwa mara. Hii haikuguswa. Hata mimi niliiona ni sifa.

Kumbe ilikuwa inaliwa pande zote mbili.

Injini hii ni ya ukoo wa A wa kampuni ya BMC, iliyoanza na Austin A30 mwaka 1951, ikaingizwa kwenye Morris Minor mwaka uliofuata na kufikia cc 1098 mwaka 1962. Kemshafti imo ubavuni mwa bloku. Inainua tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inanyanyua mkia wa roka, na pua ya roka inakandamiza mguu wa vali. Gereji zetu zikisema "kuseti tapeti" zinakusudia ile nafasi ya juu kabisa, kati ya pua ya roka na mguu wa vali. Tapeti yenyewe imejificha chini na haina cha kurekebishwa. Kumbuka jambo moja: nafasi hiyo ni tofauti kati ya vitu viwili. Vyote viwili vinaweza kuhama, na tofauti ikabaki ileile.

Gari lilipelekwa gereji kwa sababu ya kelele, tik-tik ya upande wa nyuma wa injini. Kemshafti huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa vali huwa wa polepole kuliko ule wa beringi inayogonga. Injini ikiwa sailensa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kila vali inagonga mara 400. Fundi alilijua hilo. Injini ikiwa inanguruma alichomeka jani la geji chini ya roka moja baada ya nyingine. Kwenye namba 7 na 8 kelele ikakatika. Alipozima na kupima, nafasi ilikuwa sawasawa, 0.30.

Sasa umwamini nani, sikio au geji? Sikio. Pua ya roka iliyochakaa huchimbika kishimo chenye upana wa mguu wa vali. Jani la geji ni bapa na pana kuliko kishimo, kwa hiyo hulala juu ya kingo zake kama ubao juu ya mfereji. Linapima kutoka ukingoni, huku nafasi halisi, ya chini kwenye kishimo, ikiwa kubwa zaidi.

Shafti ya roka nayo ilikuwa imeliwa upande wa chini pekee. Ndivyo inavyopaswa kuwa: pushirodi inasukuma juu, springi ya vali inasukuma juu, na roka inabaki imebanwa kwenye tumbo la shafti. Wapo wanaoigeuza shafti ili wapate upande mzima. Usifanye hivyo, mashimo ya oili yatakuwa yameelekea kusiko. Uchakavu ulikuwa mkubwa zaidi nyuma kwa sababu oili ya roka kwenye injini hii hupandia nguzo ya mbele, na roka za nyuma hupata masalio. Gari la Mwalimu hutoka Chumbageni likaenda sokoni Ngamiani na kurudi. Safari fupi kama hizo haziipi injini joto la kutosha kukausha maji ndani ya oili, hasa kwa unyevu huu wa Tanga, na tope linalofanyika huziba vitundu.

Fundi alifanya kazi safi. Baadhi ya nati zinazoshika nguzo za roka ndizo hizohizo zinazobana hedi, kwa hiyo alimwaga maji ya rejeta na kulegeza nati zote za hedi kidogo kidogo kabla ya kuing'oa shafti. Asiyefanya hivyo hupinda hedi, maji yakaingia silinda. Akafunga shafti mpya na roka zenye bushi mpya, akikumbuka kutoboa vitundu vya oili kwenye kila bushi. Kelele ikaisha. Mwalimu akaenda Moshi na kurudi.

Alirudi gari linamisi.

Hapo ndipo vali mwaminifu ilipojitokeza. Nafasi ya namba 5 ilikuwa imetoweka kabisa. Silinda ya tatu ilikuwa na mgandamizo hafifu. Kijiko cha oili kilichomiminwa kwenye tundu la plagi hakikuuongeza, kwa hiyo ringi hazikuwa na kosa. Pistoni ilipandishwa juu, vali zote mbili zikiwa zimefunga, gia ya nne ikatiwa, na upepo ukaingizwa kwa kompresa ya muziba pancha wa jirani. Kama ungevuma kwenye kabureta, mkosaji angekuwa vali ya kuingizia; kwenye mdomo wa oili, ringi. Ulivuma kwenye ekzosi.

Hedi iliposhushwa, miguu ya vali 4 na 5 ilisimama juu kuliko ya 1 na 8. Zote nne ni za ekzosi, ila mbili za kati hutoa moshi kwenye mlango mmoja, na hapo ndipo penye joto kali kuliko kote. Siti zake zimechongwa moja kwa moja kwenye chuma cha hedi. Zamani risasi iliyokuwa ndani ya petroli iliacha utando kwenye siti hizo. Azimio la Dakar la Juni 2001 lilitaka iondolewe, na kufikia Januari 2006 Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeachana nayo. Akili za watoto wetu zimefaidika, lakini siti laini zikabaki uchi. Vali yenye moto hunata kwenye siti na kunyofoa chembe kila inapofunguka, ikizama kidogo kidogo huku mguu wake ukipanda na kuila nafasi.

Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo uchakavu wa shafti na roka ulikuwa ukiongeza nafasi, na siti ikiipunguza. Shafti na roka mpya ziliondoa uchakavu mmoja, na wa pili ukakosa wa kuuficha. Vali isiyokaa kwenye siti haina pa kupeleka joto lake. Ya namba 5 ilikuwa imeungua ukingoni.

Siti zote nne za ekzosi zilikerezwa, zikatiwa pete za chuma kigumu. Pete zililala usiku kucha kwenye friza la muuza samaki ili zinywee, hedi ikapashwa moto, zikaingia kwa kubanana. Vali mpya zikasagwa. Kuseti kulifuata hesabu ya tisa: vali ya 4 ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha ya 5, ya 1 kwa ya 8, jumla daima tisa.

Baada ya kupanda Lushoto na kushuka Mombo walipima tena. Namba 5 ilikuwa 0.30. Namba 8 ilisikika kwa mbali.

"Mwanangu, hiyo ya nyuma huwezi kuibana kidogo inyamaze?"

"Hapana, Mwalimu. Hiyo nimeipima, iko sawa."